Sinema ya Shimoni

Najua nimepotea kiaina. Testi ziliongozana bila huruma na mtandao wa hosteli nao ukawa na mambo yake. Sasa nimerudi, na leo sina stori za foleni ya kafteria wala za boom kuchelewa. Nataka niwaelezee mradi ulionijaa kichwani tangu likizo, kiasi kwamba kurasa za nyuma za daftari langu zote zina michoro ya chumba kimoja: urefu mita 6, upana mita 3.6, kwenda juu mita 2.6.

Chumba chenyewe kiko nyumbani kwetu Goba, chini ya sebule. Wanaoijua Goba wanajua ni vilima na mabonde. Kiwanja chetu kina mteremko, hivyo fundi alilazimika kupandisha msingi wa upande wa bondeni karibu mita tatu ili sakafu ya juu ikae sawa. Mzee akaona kuliko kununua kifusi lori kwa lori cha kujaza pale chini, bora paachwe wazi pawe chumba. Wenye hela zao wanaita besimenti. Sisi tunakiita Shimoni. Upande wa nyuma kuna ukuta wa mawe unaozuia udongo wa mlima, pembeni tofali tupu, mbele mlango mmoja na madirisha mawili yasiyo na vioo. Kina miaka tisa hivyo hivyo. Humo kuna mabaki ya mbao, ndoo za rangi, baiskeli yangu ya shule ya msingi na kuku wa jirani anayekuja kutaga bila kibali.

Mimi nataka pale pawe chumba cha sinema. Skrini kubwa, projekta, spika, giza la maana. Wengi nilipowagusia walicheka: "Mshikaji, wewe hata fremu ya kitanda chako hosteli umeifunga kwa kamba." Sawa, chekeni. Ila ngojeni niwaambie sababu.

Mzee wangu alifanya kazi zaidi ya miaka 25 kwenye kiwanda kimoja cha nguo, kitengo cha kufuma. Mashine za kufuma zikiwa mia moja zinagonga kwa pamoja, mtu wa pembeni yako anaongea kwa ishara. Vitu vya kuziba masikio walikuwa hawapewi. Amestaafu sasa, na sauti za dunia zinamfikia zikiwa zimepungua meno.

Mwaka juzi tulimpeleka kwa mtaalamu wa masikio. Kipimo kilionyesha kitu ambacho sikukitegemea: sauti nene anazisikia vizuri tu, ila ukipanda kwenda sauti nyembamba, mstari wa kwenye karatasi unaporomoka kama njia ya kutoka kwetu kwenda bondeni. Kelele za viwandani ndivyo zinavyofanya, zinaanza kula masafa ya karibu hezi 4,000. Na huko ndiko zinakokaa s, f, t na k.

Hebu fikirieni Kiswahili chetu. Karibu kila silabi inaishia na irabu, na irabu ni sauti nene, hizo anazipata zote. Lakini pata, paka, pasa, papa na pacha, kwake yote ni "a...a". Unamwambia "nimepata nauli," anakuuliza "paka wa nani?" Kwanza tulikuwa tunacheka wote, yeye mwenyewe akiwemo. Siku hizi haulizi tena. Anaitikia kwa kichwa na kutabasamu, na mimi nimeshajua kwamba lile tabasamu maana yake hajasikia.

Kwenye tivii ndiyo kasheshe. Anaongeza sauti mpaka vioo vya kabati vinatetema. Kuongeza sauti kunampa irabu kubwa zaidi, konsonanti zinabaki zimezama kule kule. Mdogo wangu anakimbilia chumbani na simu, mama anahamia jikoni, mimi nikiwepo najifanya nina asaimenti. Mzee anabaki sebuleni peke yake na mpira unaopiga kelele nyumba nzima. Kifaa cha kusikia anacho. Anakivaa akienda kwenye ibada na kwenye vikao, ila sebuleni anakivua, anasema kinamletea makelele yote kwa pamoja. Sebule yetu ina vigae chini, vioo pande mbili na dari ya jipsam. Unaweza kuimba mule ukajiona staa, kila neno linarudi mara tatu.

Kwa hiyo ndugu zangu, nilipoanza kusoma habari za sinema za nyumbani niligundua kwamba mipango mingi imeandikwa kwa ajili ya kijana mwenye masikio mazima anayetaka kifua kitetemeke. Mimi napanga kwa ajili ya mtu mmoja mwenye miaka 65 anayetaka kusikia mtangazaji amesema nani kapiga krosi. Ukishaanza na huyo, karibu kila uamuzi unabadilika.

Kwanza chumba chenyewe. Kuna jamaa yangu wa CoET alinifundisha hesabu moja rahisi. Chukua ujazo wa chumba, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa eneo linalomeza sauti. Jibu ni sekunde ambazo sauti inachukua kufa. Shimoni lina mita za ujazo kama 56. Kuta, sakafu na dari kwa pamoja ni mita za mraba 93. Nikipiga plasta safi na rangi ya mafuta kama watu wanavyopenda, kila mita ya mraba itameza kama asilimia tatu tu ya sauti, na hesabu inaleta zaidi ya sekunde tatu. Sekunde tatu! Mtangazaji ameshafika golini, sauti ya katikati ya uwanja bado inazunguka chumbani. Ninachotaka ni nusu sekunde. Ili nifike hapo nahitaji vitu vya kumeza sauti vyenye nguvu ya mita za mraba 18 hivi: zulia, makochi ya kitambaa, mapazia mazito, na fremu za ukutani.

Aliyeigundua hesabu hiyo anaitwa Wallace Sabine, alikuwa mwalimu kijana wa fizikia pale Harvard. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao neno moja lilikaa hewani kama sekunde tano na nusu, wanafunzi hawaelewi kitu. Alichofanya ni kubeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, usiku kukiwa kimya, anaipanga, anapiga filimbi ya kinanda, anapima kwa saa sauti inakufa lini. Kisha mito inarudishwa kabla ya asubuhi. Mnaona? Mambo ya kuhamisha vitu vya chuo usiku hayakuanzia hapa Mlimani, teh teh teh.

Mito ikanipa wazo la magodoro. Kila hosteli ina godoro lililochoka, nikasema nakata vipande nabandika ukutani, kazi imeisha. Huyo huyo jamaa wa CoET akanizuia kwa ukali. Mwaka 2003, klabu moja ya usiku kule Rhode Island, Marekani, ilikuwa imebandikwa sponji ukutani ili kupunguza kelele. Fataki za jukwaani zikaidaka, watu 100 wakafa. Mwaka 2013 yakatokea karibu yale yale Santa Maria, Brazil, watu 242, wengi wao wanafunzi wa chuo. Sponji ya godoro inashika moto haraka na moshi wake ni sumu. Shimoni lina mlango mmoja. Sitamkalisha Mzee wangu kwenye chumba cha mlango mmoja kilichovalishwa godoro, hata iwe bure.

Trei za mayai nazo futeni kichwani. Ule ni karatasi mwembamba, unapunguza kidogo sana na unaungua vizuri sana. Nilichochagua ni pamba ya mawe, ile ambayo mafundi wa maboila wanafungia mabomba ya mvuke. Haiungui. Unaiweka kwenye fremu ya mbao unene wa sentimita 10, unaifunika kitambaa kinachopitisha hewa (mama ameshasema vitenge vyake nisivisogelee), unaitundika pale sauti inapogonga kwanza: pembeni mwa makochi, nyuma yake, na darini. Ukitaka kujua ni wapi hasa, mtu akae kwenye kochi, mwingine apitishe kioo ukutani. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo pa kutundika. Na dirisha moja litawekewa grili ya kufunguka kwa ndani, ili pawe na njia ya pili ya kutokea.

Pili, spika. Hapa nimegombana na kila mtu. "Home theatre bila sabufa? Hiyo ni redio!" Jamani, chumba chenye urefu wa mita 6 kina besi yake, karibu hezi 29, na upana wa mita 3.6 una ya kwake, karibu hezi 48. Ukifika hapo chumba chenyewe kinaanza kuvuma kama ngoma. Na mvumo mnene unafunika sauti nyembamba, yaani hizo hizo s na t ambazo Mzee anazitafuta kwa tochi. Kwa hiyo sabufa itakuwa ya mwisho kabisa kununuliwa, kama hela itabaki. Ya kwanza ni spika ya katikati, chini ya skrini, imeelekezwa usoni kwa wakaaji, maana kwenye filamu mazungumzo mengi yanapita hapo. Ya pili ni umbali. Sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika inapungua desibeli sita kila umbali unapokuwa maradufu, ila mwangwi wa chumba umejaa kila mahali sawa. Anayetaka kusikia maneno asogee.

Tatu, picha. Skrini ya inchi 100 ina upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25. Ukikaa mita 3 kutoka pale inakujaza macho vizuri, na kitu muhimu zaidi, maandishi ya chini yanakuwa makubwa. Mzee anasoma haraka kuliko mimi. Filamu yenye maandishi ataifuata mwanzo mwisho bila kumuuliza mtu. Ndiyo maana ukingo wa chini wa skrini nauweka sentimita 90 kutoka sakafuni, vichwa vya wa mbele visizibe maneno kwa wa nyuma. Projekta nayo itakaa nyuma kabisa, kwa sababu feni yake inapiga "shhhhh", na shhhhh ndiyo adui. Itawekewa UPS, maana projekta ya taa umeme ukikatika ghafla taa inabaki na joto bila feni, na taa mpya si bei ya chipsi.

Waya zote zipite kwenye mabomba kabla ya plasta. Bomba la kutoka kwenye amplifaya mpaka kwa projekta nitaweka la inchi moja na nusu, kichwa cha HDMI kipite bila kukatwa, na ndani nitaacha kamba ya kuvutia waya mwingine siku za mbele. Chumba kiwe na sakiti breka yake na ethi ya uhakika. Kuhusu Luku msiogope: projekta ya wati 250 kwa filamu ya saa tatu haifiki hata yuniti moja.

Sasa basi. Yote hayo niliyapeleka kwenye kikao cha familia, michoro mkononi, najiona injinia. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hicho chumba kikipigwa plasta kikapata mlango, mwanafunzi mwenzako anakaa kwa laki na ishirini kwa mwezi. Piga hesabu ya mwaka."

Nikapiga. Milioni moja na laki nne na elfu arobaini.

"Hiyo ni ada ya mdogo wako. Wewe una nini?"

Mimi nina 1,350,000, hela ya field pamoja na vibarua vya kuhariri video za harusi. Nikiimaliza kwa projekta na spika imeisha, haizai. Nikakosa la kujibu. Mama hajawahi kuwa mtu wa kupinga raha, ndiye anayeamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi ya duka. Hesabu yake ni sahihi. Hesabu yangu nayo naiona ni sahihi, ila haiandikiki kwa shilingi. Ningeandika nini? "Mzee kucheka kwa wakati mmoja na sisi: shilingi kadhaa"?

Mzee mwenyewe alikuwa pale. Sijui alishika kiasi gani cha mazungumzo. Baadaye akaniita nje akaniuliza huo mchoro ni wa nini, nikamwandikia kwenye daftari: SINEMA. Akaanza kusimulia. Utotoni, miaka ya sabini mwanzoni, walikuwa wanatoka kwa miguu mpaka Drive-In ya Msasani, ile iliyofunguliwa 1966, eneo ambalo tangu 2003 ni ubalozi wa Marekani. Wenye magari waliingia ndani, kila gari linatundikiwa spika dirishani. Wao watoto walipanda miti ya nje, wakaiona skrini yote bila kusikia hata neno. Kwa hiyo walijitungia. Mmoja anakuwa stelingi, mwingine adui, wanaongea wenyewe Kiswahili mpaka filamu inaisha.

"Siku hizi," akasema, "naangalia hivyo hivyo."

Basi. Sikuongeza kitu.

Nilirudi kwenye karatasi nikapanga upya, safari hii kwa kuanzia mahali ambapo mama na mimi tunakubaliana. Kumbe ni pengi. Mpangaji hawezi kukaa kwenye unyevu, na spika pia haziwezi. Ule ukuta wa mawe unatoa chumvi nyeupe kila masika, dalili kwamba maji ya mlima yanapita ndani yake na kuacha chumvi yanapokauka. Nimebandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote nikaziziba kwa selotepu, nikakiacha siku mbili. Matone yametokea upande wa ndani wa nailoni, unaogusa ukuta. Yangetokea upande wa chumbani ningejua ni hewa tu yenye unyevu. Hapa ni maji ya udongo, na rangi ya aina yoyote ukiipaka kwa ndani itabanduka tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni nje: gata za paa zote zipeleke maji mbali na ukuta, udongo wa nyuma uelekezwe upande, kisha mtaro unaofuata ukuta, bomba lenye matundu chini, kokoto juu yake. Hatua ya pili ni sakafu, madirisha, mabomba ya waya na sakiti yake. Hizo mbili zitakula karibu nusu ya hela yangu, na zinamfaa mpangaji sawasawa na zinavyomfaa mtazamaji. Mama akakubali papo hapo. Tumekubaliana masika ipite juu ya kazi hiyo, tuone kama ukuta utakauka. Baada ya UE tunakaa tena: sinema au mpangaji. Mdogo wangu amependekeza sinema Jumamosi na Jumapili, tuwatoze vijana wa jirani mia tano mia tano kuangalia mpira. Mama hakucheka. Alichukua kalamu akaanza kuandika, na ninavyomjua, hiyo ni dalili nzuri.

Mzee ameleta pingamizi moja tu kwenye ramani yangu. Nilikuwa nimemchorea kochi la peke yake mbele, karibu na spika. Akalifuta kwa kifutio. Hataki kukaa mbele peke yake kama mgonjwa. Akachora kochi la watu wawili, pembeni yake akaandika jina la mama. Kisha akaniambia ngazi ya kushukia iwekewe mkono wa kushikilia, magoti yake na ya mama si ya kupanda miti tena. Yote mawili yameingia kwenye mpango.

Haya wadau, nawaachia kazi. Anayejua Kariakoo sehemu wanayouza pamba ya mawe kwa vipande, bila kulazimisha ununue roli zima, anitafute. Anayeuza spika ya katikati iliyotumika, hata kama haina pea, anitafute haraka zaidi. Na wale wa sabufa, mje Julai mnisaidie kuchimba mtaro, tutabishana huku tumeshika sepetu.

Nawasilisha.